Nyongeza ya Hajati Talaat

Ilikuwa mwaka ule theluji ilipoangusha paa la soko la Javadie, huko Tehran. Hapana, nimekosea. Paa lilianguka mwaka uliotangulia, na wakati huo Heshmat alikuwa bado analala juu ya tanuri. Mwaka ninaousema ni ule uliofuata, ambao haukuwa na theluji hata ya kulowesha kiatu.

Heshmat alitoka Zanjan kuja Tehran kuoka mikate. Tanuri lililomwajiri lilikuwa la mkate mrefu unaookwa juu ya changarawe za moto, na anayeushika ule upawa mrefu wa kuchomea huheshimiwa dukani kama nahodha. Mshahara ulikuwa mkubwa kuliko wa kwao. Nyumba nazo zilikuwa ghali kuliko za kwao, na ughali wake uliupita ukubwa wa mshahara, hata ukajikuta unafanya kazi mjini na huna mahali pa kuwaweka wale unaowafanyia kazi. Kwa hiyo miaka miwili alilala darini juu ya tanuri pamoja na wanaume wengine watatu wenye wake mbali, na nyumbani alikwenda sikukuu ya mwaka mpya basi.

Mwaka wa pili alipofika, binti yake mdogo, Sevda, alijificha nyuma ya mama yake, akachungulia, akasema, "Shikamoo, ami."

Watu wakacheka. Heshmat naye akacheka. Kisha akatoka, akakaa zizini na kondoo wa baba mkwe wake mpaka chakula kilipoiva.

Asubuhi yake mkewe, Golandam, alilikunja zulia alilolifuma akiwa mwali, akavua na bangili, akavipeleka sokoni. Ndivyo walivyopata rehani. Kule mpangaji huweka fungu zima la fedha kwa mwenye nyumba, naye hurudishiwa siku anapohama. Ukiweka kubwa, kodi ya mwezi huwa ndogo. Mkataba ni wa mwaka. Mwaka ukiisha mnakaa tena kupatana bei, na hapo ndipo watu wa mji ule hukonda.

Walipata chumba cha chini, nusu yake ardhini, katika nyumba ya Hajati Talaat, mjane wa dereva wa treni. Dirisha lilitazama miguu ya wapita njia, na Sevda na dada yake Aylin wakawajua majirani kwa viatu kabla ya kuwajua kwa sura. Siku ya kuhamia, Golandam aliingia kwanza na kioo na msahafu, kama inavyopasa, ndipo masufuria yakafuata. Heshmat alirudi kutoka kazini mchana ule na mkate begani, akawakuta wote watatu wamelala sakafuni katikati ya marobota. Hakuwaamsha.

Hajati Talaat alikuwa mtu wa maneno laini na magoti mabovu. Kila Alhamisi aliteremsha bakuli la supu nzito ya mboga na tambi, na Golandam hakulirudisha tupu hata siku moja: mara kokwa za jozi, mara zabibu, akikosa kabisa, shada la nanaa. Mwaka ukapita hivyo.

Ulipoisha, bei zilikuwa zimepanda vibaya. Dalali wa mtaa, mtu mmoja mnene aliyeitwa Kiumarsi, alimwambia Heshmat kwenye foleni ya mkate, "Fundi, jiandae. Kwa bei ya leo hata kile kizimba chenu ni kasri."

Heshmat akanunua boksi la vitamutamu, akapanda ghorofani mchana, ametoka kazini moja kwa moja, macho mekundu kwa moshi. Alikuwa amesimama mbele ya tanuri tangu kabla ya adhana ya alfajiri.

"Hajati, mwaka umekwisha. Nimekuja kwa habari ya nyongeza."

"Nyongeza gani tena, mwanangu? Nyumba si yenu hii? Kunywa chai."

"Haiwezekani, Hajati. Dunia nzima imepanda."

"Ipande huko huko. Humu hakujapanda kitu."

"Utanitia aibu, mama."

"Aibu itoke wapi? Nimesema kaeni vile vile, na watoto wenu."

Chai ilikuwa ya moto, mto aliouegemea ulikuwa laini. Heshmat akasema, "Mungu akupe umri, mama," akambusu bega, akashuka ngazi kama kijana.

Golandam alikuwa anakunja nguo. Alimsikiliza mpaka mwisho, mikono ikasimama.

"Hebu subiri. Ulikataa mara ngapi?"

"Nilikataa."

"Nakuuliza mara ngapi."

Heshmat akahesabu kichwani. "Mbili."

"Mbili! We mwanaume, mbili! Muuza vitunguu unamkatalia mara tatu, sembuse mwenye nyumba?"

Na ni kweli. Kule ukimuuliza muuza vitunguu bei, hukwambia, si kitu, chukua tu, na hajatokea mtoto aliyechukua akaenda zake. Utakataa, atakukatalia, utakataa tena na tena, ndipo bei itatajwa. Heshmat aliyajua hayo tangu akiwa ananyonya. Mwili tu ndio uliochoka.

"Labda alimaanisha," akasema.

"Labda," akasema Golandam. "Na labda sasa yuko juu huko anang'ata kitambaa chake, hawezi kusema tena, kwa sababu ameshasema. Kwani anakula nini? Pensheni ya marehemu?"

Mkataba mpya haukuandikwa. Hajati hakuzungumzia kitu. Aliposhuka ngazi alisalimia kwa maneno mengi kuliko zamani, na huko kuzidi kwa maneno ndiko kulikomtisha Golandam. Alhamisi ya kwanza bakuli halikuja. Ya pili halikuja. Aylin akauliza kama bibi amewasahau, akaambiwa ale.

Kisha akaja mkwe wa Hajati na mtu mwenye futi ya kupimia. Walisema wanatazama mabomba. Walipima ukuta wa jikoni, wakapima na mlango, wakashukuru, wakatoka.

"Mabomba yanapita mlangoni?" akauliza Golandam.

Jioni ile Heshmat alikwenda kwa Kiumarsi kuulizia vyumba. Kiumarsi akamtajia miji ya mbali, kule ambako basi la kwanza huondoka wakati mikate ya kwanza imeshaliwa.

"Mwoka mkate hawezi kukaa huko, fundi. Rudi darini kwako, mama na watoto uwarudishe Zanjan. Wenzako wote ndivyo walivyo, na hawajafa."

Heshmat akarudi nyumbani, akakaa mlangoni bila kuvua viatu. Sevda alikuja kumvua, akavuta kimoja, akavuta cha pili, akaviweka pamoja na vya wengine. Vilikuwa pea nne. Alivitazama muda.

"Kesho tunapanda," akasema Golandam. "Mimi na wewe. Ila kwanza ulale."

Kesho yake Heshmat alilala mchana, akaoga, akavaa shati safi, wakapanda. Golandam alibeba bakuli moja la Hajati, ambalo kwa bahati lilikuwa limebaki kwao, limejaa mchele wa zafarani.

"Hajati, tumekuja kwa habari ya nyongeza."

Hajati akawatazama. "Si tulishamaliza?"

"Hamkumaliza, Hajati. Huyu alikuja na usingizi. Aliyezungumza nawe siku ile si mume wangu, ni moshi."

Hajati akacheka mpaka ushungi ukamshuka. "Moshi ulizungumza vizuri, binti yangu. Nami niliujibu. Kaeni."

"Hatuwezi."

"Mnaweza."

"Hajati, tutahama kwa aibu."

"Nani atahama? Nani amewafukuza?"

Wakaenda hivyo, chai ya kwanza, chai ya pili, Heshmat akikataa pale anapopaswa na mkewe akimfinya pale anapolegea. Mwisho Hajati akaitazama bilauri yake, akasema, "Basi, kwa kuwa mnanilazimisha," akataja kiasi, haraka, kama mtu aliyekuwa nacho ulimini siku nyingi, au kama mtu aliyeokota cha kwanza kilichomjia. Kilikuwa chini ya bei ya mtaa. Kilikuwa juu ya uwezo wao.

"Tumekubali," akasema Golandam, kabla mumewe hajafungua kinywa.

Wiki ile alianza kusafisha mboga za majani kwa duka la Kiumarsi mdogo, nduguye dalali. Mafungu yaliletwa alfajiri, giligilani, shamari, vitunguu majani, yachambuliwe, yaoshwe, yakatwe, yafungwe. Hajati alishuka na magoti yake, akakaa naye kuchambua, wala hakutaka ujira. Bakuli la Alhamisi likarudi. Alisema miguu ilikuwa imevimba wiki zile mbili, hakuweza kusimama jikoni. Na vuli ile mabomba yakabadilishwa kweli, na bomba moja likapitishwa juu ya mlango.

Walikaa kwa Hajati miaka mitatu mingine, mpaka alipofariki na wanawe wakaiuza nyumba. Rehani walirudishiwa yote. Kufikia hapo Heshmat alikuwa mbia katika tanuri, wakapata mahali pengine mtaa ule ule, juu ya ardhi safari hii, na Sevda akakua hakumbuki kwamba aliwahi kumwita baba yake ami.

Vidole vya Golandam tu ndivyo vilivyobaki na ukijani kwenye mikunjo, ambao sabuni haikuutoa. Heshmat aliutazama kila alipopokea chai kwake. Alimuuliza dalali, dalali akacheka, akaagiza mikate miwili. Alimuuliza mkwe wa Hajati siku ya matanga, mkwe akamkaribisha tende. Alimuuliza na mkewe, zaidi ya mara moja, naye alimwambia anywe chai kabla haijapoa. Swali lilikuwa moja: yule mama, siku ile ya kwanza, aliposema kaeni vile vile, je, alimaanisha?