Nilivyoambiwa nimfiche mama msiba wa kaka tukiwa milimani Munnar

Wakuu, amani iwe kwenu.

Mimi humu huwa nasoma tu. Shule yangu ni ya kiasi, lakini hili nimelibeba tangu tuondoe matanga, na nitalieleza lilivyokuwa, hata panaponiumbua.

Nakaa Muscat, Oman, mtaa wa Khuwair ya Kusini, pamoja na mama yangu. Asili yetu Zanzibar. Nauza vipuri vya magari mtaa wa Hamriya.

Mama alifanyiwa operesheni ya jicho Kochi, India, mimi nikiwa naye. Ikaenda salama. Daktari alipomruhusu, mama akasema harudi kwenye joto la Muscat kabla hajaiona Munnar, ile milima ya chai ambayo majirani zake wote wameshakwenda na kurudi na picha.

Kaka yangu mkubwa, Nassor, wa mtaa wa Bawshar hapo hapo Muscat, akapinga. Alisema kwenye simu kwamba mama ana presha, kule baridi, na barabara ni kona tupu.

Mama akamjibu, "Mimi ndiye niliyekuzaa wewe, Nassor. Usijigeuze mzazi wangu." Akakata.

Tangu hapo akamnunia. Nassor akituma ujumbe wa sauti, mama anatazama jina, anaweka simu chini.

Tukapanda. Dereva wetu Shaji aliwahi kuendesha lori Ruwi, kwetu Muscat, kwa hiyo alizungumza na mama kwa kile Kiarabu cha kazini, na mama akawa anamsahihisha njia nzima.

Munnar ni pazuri wakuu, sitadanganya. Vilima vimepunguzwa majani ya chai kama vichwa vilivyotoka kwa kinyozi. Ukungu unaingia mpaka chumbani. Mama alivaa soksi zangu juu ya zake, akajicheka.

Asubuhi iliyofuata akanipigia simu dada yetu, Zuweina, kutoka Muscat.

Nassor amefariki. Aliswali alfajiri, akajinyoosha kidogo, hakuamka tena. Watamzika baada ya adhuhuri.

Hapo hapo akaniambia, "Mchukulie mama simu yake. Grupu la familia limeshajaa rambirambi. Asijue mpaka mfike."

Wengi mnaujua utaratibu huu. Aliye safarini hapewi msiba, hasa mzee. Anaambiwa arudi, fulani hajisikii vizuri. Zuweina hakuwa na ubaya. Aliogopa presha.

Mama alikuwa anatawadha. Nikaichukua simu yake. Kabla sijaizima nikaona ujumbe wa sauti wa Nassor wa jana yake, haujafunguliwa.

Nikaitia mfukoni.

Mama nilimwambia tunarudi kwa sababu mvua kubwa inakuja. Shaji nilimwambia ukweli pembeni. Akaondoa kofia, akaenda kuwasha gari.

Tukaanza kuteremka. Upande huu mwamba, upande ule ukungu, chini huoni kitu. Nimekaa na mama kiti cha nyuma, simu inanichoma pajani kama kaa la moto.

Akaanza kupekua mkoba. Nikamwambia simu imeisha chaji, iko kwenye begi.

Tukapita kona kadhaa. Kisha akasema, "Basi nipe yako. Nataka kumpigia Nassor. Nishamnunia vya kutosha."

Wakuu, saa hizo Muscat walikuwa wanamuosha. Nikafikiri: akija kujua kwamba alitaka kusema naye wakati mwanawe bado hajatiwa ardhini, na mimi nikamzuia, nitamtazama kwa macho gani?

Nikamwomba Shaji asimame. Akaegesha kwenye kibanda cha chai.

"Mama, Nassor katutangulia. Leo alfajiri."

Hakupiga kelele. Aliniangalia kwa lile jicho jipya mpaka nikainama.

"Kashazikwa?"

"Bado."

"Basi nnataka kumuona."

Mtandao hakuna. Shaji akaonyesha tulikotoka. "Hina mafi. Fok fi." Hapa haupo, juu upo. Akageuza gari kwenye ukungu ule, kichwa nje ya dirisha, honi haikatiki. Mimi nasoma kila dua ninayoijua. Mama amefumba macho.

Mtandao uliporudi nikapiga simu ya video; Zuweina alipopokea akanifokea. "Nilikwambia nini? Akianguka huko mlimani nani atambeba?"

Mama akaichukua simu. "Zuweina, mwanangu, nionyeshe ndugu yako."

Walikuwa wameshamvisha sanda, uso bado wazi. Picha ikaganda, ikarudi, ikaganda. Mama akaisogeza simu mdomoni.

"Nassor, baba. Nna radhi nawe. Sina kinyongo nawe hata kidogo. Nenda."

Ikakatika.

Tukateremka tena mpaka kile kibanda cha chai. Shaji akaleta chai yenye sukari nyingi, mama akainywa yote. Hakuanguka. Lakini angeweza kuanguka, na leo ningekuwa naandika mengine. Hilo silifichi.

Zuweina hakunisemesha matanga yote. Siku ya mwisho akaniwekea sahani ya wali mbele yangu, akakaa, tukala pamoja.

Sisemi kila mzee aambiwe kila kitu. Nilichojifunza ni kwamba hofu ilikuwa yetu sisi watoto, tukaipa jina la presha ya mama.

Aliyewahi kufichwa msiba, au kumficha mtu, aandike hapa. Nitasoma yote, hata ya kunilaumu.

Ule ujumbe wa Nassor mama hajaufungua mpaka leo. Anasema siku atakayoweza, ataniita nimbonyezee. Kila nikitoka kazini napita kwanza chumbani kwake.