Furaha ya Yerutí Yamkosesha Mama Yake Usingizi

Jua limeshachomoza katika mji mdogo wa Coronel Bogado, na Nimia Benegas ameingiza mkono wa kulia ndani ya tanuri la udongo. Anahesabu kwa sauti. Akifika kumi mkono ukiwa bado ndani, moto umepoa mno. Akiutoa kwenye tatu, chipa itaungua. Leo anautoa kwenye sita, anaridhika, na kuanza kupanga vimkate hivyo vya duara juu ya majani ya mgomba.

"Jana nilisahau kuhesabu," anasema bila kugeuka. "Masinia mawili yalikuwa makaa matupu."

Kusahau si kawaida yake. Ana miaka 38, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimalizia hapa, akikanda wanga wa muhogo kwa jibini, mayai na mafuta ya nguruwe, kisha akibeba kapu hadi barabarani kuwauzia abiria wanaokwenda Encarnación. Siku nzuri anauza chipa mia mbili. Akishatoa bei ya jibini, ambayo mwaka huu haishikiki, anabaki na guaraní elfu tisini hivi, kama dola kumi na mbili.

Lakini jana hakuwa anawaza jibini. Alikuwa anawaza fomu.

Fomu hiyo ilimfikia kwa simu kutoka Montevideo, Uruguay, ambako mwanawe wa pekee, Yerutí, mwenye miaka kumi, anamalizia mwaka katika shule ya kimataifa. Dada yake Nimia, Librada, ni mpishi wa shule hiyo kwa mwaka wa kumi na mbili sasa, na wapishi wa muda mrefu huruhusiwa kusomesha bure mtoto mmoja wa ukoo. Librada hana mtoto. Februari akamchukua Yerutí.

Makubaliano yalikuwa mwaka mmoja tu. Sasa shule inauliza kama mtoto ataendelea, na inataka sahihi ya mama kabla ya kesho, Ijumaa.

Tatizo ni kwamba Yerutí ana furaha.

"Angekuwa analia, ningejua la kufanya," anasema Nimia. "Ningemwambia rudi nyumbani, mwanangu. Huyu anacheka! Mtoto anayecheka utamwambia nini?"

Simu yake imejaa ushahidi. Yerutí yuko kwenye kwaya, kinywa wazi hadi meno ya nyuma yanaonekana. Yerutí na rafiki yake Mkorea wanagawana mwani uliokaushwa. Yerutí, aliyekuwa akiogopa hata kijito cha nyuma ya kanisa, anaruka kichwa mbele kwenye bwawa la kuogelea. Mama anazipitisha picha hizo moja moja kwa kidole, na hakuna hata moja inayomfanya atabasamu hadi mwisho.

Ña Obdulia (Ña ni kama Bi), mjane wa miaka 67 anayechangia naye tanuri, hana huruma na hali hiyo.

"Wee Nimia, wenzio wanakonda kwa sababu ya watoto watukutu. Wewe unakonda kwa sababu wako anaimba?"

"Cheka tu, Ña Obdulia. Wako wote sita unao hapa."

"Ndiyo maana nimechakaa namna hii!"

Wanacheka wote wawili, lakini Nimia anaacha kwanza. Baba yake Yerutí, anaeleza, alikwenda Buenos Aires kujenga nyumba za watu. Akajenga na familia nyingine huko huko. "Na simu zake za mwanzo zilikuwa hivihivi," anasema. "Anacheka, anasifia, kila kitu kizuri. Mimi nikafurahi naye kama mjinga."

Hata hivyo, kilichomvunja hasa ni neno moja.

Kiguarani chetu kina "sisi" mbili. Ukisema ñande, unayezungumza naye yumo. Ukisema ore, hayumo. Huku kwetu hata mtoto wa miaka mitatu hazichanganyi. Wiki tatu zilizopita Yerutí alituma ujumbe wa sauti, akipiga kelele kwa raha: "Mama, ore róga imewekwa lifti mpya, ina kioo!" Nyumba yetu, maana yake. Yangu na ya shangazi. Wewe humo.

Nimia ameusikiliza ujumbe huo mara nyingi kuliko anavyotaka kukiri.

"Hakukosea," anasema. "Mimi siishi pale. Angesema ñande ningemsahihisha mwenyewe. Ndiyo maana imeniuma, kwa sababu kasema sawasawa."

Saa nne, chipa zikiwa zimeshatoka, simu inaita. Ni wakati wa mapumziko shuleni. Uso wa Yerutí unajaa kwenye kioo, na nyuma yake watoto wanapita mbio.

"Mama! Mbona uso mweusi?"

"Masizi ya tanuri. Yerutí, hiyo fomu. Shangazi yako amekwambia useme nini?"

"Kasema niseme ukweli."

"Haya, useme."

Mtoto anatazama pembeni. Nimia ameishika simu kwa mikono miwili.

"Nikisema nataka kubaki, utalia?"

"Nilie nini? Kwani nakata vitunguu?"

"Basi nataka kubaki." Kisha anaongeza haraka haraka, "Lakini Desemba nakuja, mama! Naja siku ileile tukifunga! Kengele hiyo, mama, kengele!"

Kioo kinabaki cheusi. Nimia halii. Anafuta mikono kwenye aproni na kumwomba mwandishi wa makala haya amwonyeshe pa kuweka sahihi kwenye simu. Anaandika kwa kidole, taratibu. Jina la ukoo linapanda juu na kutoka nje ya mstari, na anakataa kulirudia.

"Nikilifuta silirudishi tena," anasema.

Ndipo anapotoa mpango wake. Februari shule itakapofunguliwa, hatamkabidhi mtu mtoto. Watapanda basi wote wawili, safari ya mchana na usiku, na ataingia naye hadi darasani, alione dawati lake, amwone huyo Mkorea. Kitambulisho chake, anachohitaji kuvuka mpaka, kimeisha muda tangu mwaka juzi. Jumatatu atapanga foleni Encarnación kukipata kipya, hata kama ni kupoteza mauzo ya siku nzima.

"Nikishapakanyaga pale, tuone kama ataniambia tena ore."

Ña Obdulia anakunja kitambaa cheupe cha kufunikia kapu. Safari hii hatanii.

"Na akikuonea aibu, binti yangu? Mbele ya wenzake wale, na harufu yako hiyo ya moshi?"

Basi la Encarnación limeshaanza kusikika likipanda kilima. Nimia anainama, anajitwika kapu, analiweka sawa kichwani.

"Anionee aibu," anasema. "Lakini nikiwa palepale."