Ng'ombe Watatu wa Issa

Asubuhi ile nilikuwa natwanga uwele uani, mwanangu Matika mgongoni, namsikia mume wangu zizini akiwasifia ng'ombe wa Issa. "Mimi hujanisifia hivyo tangu uliponiposa," nikamwambia. Akacheka. Masinga wangu alikuwa na kicheko kizuri, jamani.

Tulikuwa na ng'ombe sita. Watatu wetu, watatu wa Issa, rafiki yake wa Busi, aliyetuachia tuwachunge kwa desturi yetu Wagogo: maziwa tunakunywa sisi, ng'ombe ni wake. Mdachi, yule Mjerumani, alikuwa amemchukua Issa kubeba mizigo ya vita, na hatukupata habari zake tena.

Mchana askari wa Mdachi wakaingia kutafuta nyama ya jeshi.

"Ng'ombe watatu. Chagua mwenyewe, upesi!"

Nikamnong'oneza mume wangu, "Toa wa Issa."

Akafungua zizi, akawatoa wetu.

Walipoondoka nilimwakia mpaka sauti ikanikauka. Akanisikiliza hadi mwisho. "Mama Matika, kila aliyeachiwa ng'ombe akifanya unavyotaka wewe, nani atamwachia mwenzake hata ndama?"

"Issa huenda amekufa, Baba Matika!"

"Aliyeahidi ni mimi. Mimi sijafa."

Mvua ikagoma. Ng'ombe wakakauka maziwa. Majirani walitoa ng'ombe wakapata kapu la uwele. Yeye akakataa kumtoa hata mmoja. Alishinda porini akichimba mizizi, akirudi anampa Matika fungu lake lote, mwenyewe anakunywa maji. Mtu wa namna hiyo ningemchukiaje?

Matika akafa. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea.

Baadaye mke wa Issa akaja kwa miguu kutoka Busi, mjane, na watoto wawili wamekonda. Masinga akamkabidhi ng'ombe wote watatu. Maskini mama wa watu, alilia mpaka akakaa chini. Kisha akaniuliza, "Na Matika wangu yuko wapi?"

Masinga hakusema uongo maishani mwake, wala hakuuruhusu nyumbani kwake. Akanitazama.

"Yuko kwa bibi yake," nikasema.

Masinga akainamisha kichwa, akauacha uongo wangu upite. Ningesema kweli, yule mama angewaswaga vipi wale ng'ombe hadi Busi?

Nilimpenda mume wangu mpaka siku namzika. Alichoniambia kuhusu ahadi sikuweza kukipinga siku ile, na leo bado siwezi. Lakini ng'ombe mmoja tu angetosha kumvusha mwanangu, na hilo nalo hakuna anayeweza kunipinga.