Pipa la Maganda

Bisha ukitaka, lakini leo sokoni Garsen nilimwona mama muuza ndizi akitishwa kwa kukosa taka. Afisa wa kaunti aliinamia pipa lake la kijani, ambalo kaunti imempa kila muuzaji atie maganda, akalikuta tupu.

"Mama, maganda unayatupa wapi?"

"Humo humo, mwanangu. Asubuhi lilijaa."

Afisa akaliinua, akachungulia hadi chini yake. "Kesho nikute taka humu, ama kibanda nakifunga."

Alipoondoka, mama akanigeukia. "Wewe mjuaji, hawa wanataka usafi au uchafu?"

Mimi niliyeacha shule mapema na bado nawashinda wasomi kwa maneno, nilijifanya nachagua ndizi.

Ila kuna kitu nimekiruka. Beberu wangu, anayezurura humo sokoni, amenenepa sana tangu mapipa yaletwe. Kesho atashinda amefungwa kamba nyumbani, mama asipoteze kibanda.