Vikombe Vyangu Nyumbani kwa Mama Pasi

Mama Pasi hakupewa jina hilo kwa kubezwa. Alipiga pasi miaka ishirini na mbili kwenye kibaraza cha nyumba yake, juu ya meza iliyotandikwa blanketi kuukuu, kwa pasi ya mkaa yenye uzito wa mtoto wa mwaka mmoja. Suruali iliyotoka mikononi mwake ilikuwa na mstari wa kukatia nyanya. Mwanamume akimletea shati lisilo na kifungo, alilirudisha lina kifungo, hakudai kitu, ila alimuuliza mbele za watu, huyo uliye naye nyumbani ni mke au mpangaji?

Alilelewa na shangazi yake, mtumishi wa majumbani aliyezeekea kwenye majiko ya watu. Kwa shangazi huyo alijifunza pasi, na alijifunza jambo moja jingine: mtu akiingia kwako humkalishi chini wala humwonyeshi sufuria tupu. Akishatoka, utajua mwenyewe utakula nini. Nimekaa naye mlango wa tatu tangu ujana wetu na sijawahi kuingia kwake nikatoka mdomo mkavu, hata zile siku ambazo nilijua kabisa chai niliyokunywa ndiyo ilikuwa chakula cha jioni.

Mumewe alikuwa fundi mwashi. Alianguka kutoka ghorofa ya pili, jukwaa la miti lilipokatika, na tangu hapo miguu haikumsikiliza tena. Miaka tisa kitandani. Mwenyewe alisema kilichoanguka ni kiuno, ulimi ulibaki kule juu. Na kweli ulibaki. Ukimjulia hali atakuambia yuko likizo.

Mimi ni mtunza stoo wa Chumba cha Jirani. Ni chumba kilicho nyuma ya kanisa letu, zamani watoto walifundishwa humo, na bado kuna irabu tano zimechorwa ukutani juu ya magunia. Kila Alhamisi majirani wasiojiweza wanakuja kuchukua mizigo yao: unga, maharage, mafuta, sabuni, na nguo zikiwapo. Mama Pasi alikuwa kwenye orodha tangu mwanzo, lakini si kwa ajili ya unga. Unga angeupata kwa pasi. Yeye alifuata nepi za watu wazima na dawa ya kupaka mgongoni, ambazo wafadhili walituletea kwa maboksi. Dukani, kazi yake ya wiki nzima ingenunua nepi za siku tatu. Mwaka ule wa kwanza, kabla chumba hakijafunguliwa, mumewe alilalia unyevu mpaka akafunguka kidonda juu ya makalio, shimo la kuingia yai. Kilichukua miezi kumi kufunga. Mama Pasi alisema wazi kwamba njaa haiogopi, ila kile kidonda hataki kukiona tena.

Naye hakupokea bure. Kila Jumamosi alichukua vitambaa vya madhabahu na majoho ya kwaya, akavirudisha vimenyooka kama karatasi mpya. Hakuna aliyemwomba, na wala hakuna aliyemshukuru sana, maana tulishazoea.

Kisha akaja katibu mpya. Majirani walimbatiza Dada Fomu kabla hajamaliza mwezi. Sitamsingizia, hakuwa mtu mbaya. Alisalimia wakubwa kwa adabu, aliwahi kazini kuliko mimi, na hakubeba hata kipande cha sabuni kwenda kwake, jambo ambalo siwezi kulisema kwa wote waliomtangulia. Ila aliletwa na karatasi. Wafadhili walitaka uthibitisho kwamba misaada inawafikia wenye shida kweli, kwa hiyo kila nyumba itembelewe na ijaziwe fomu: wana viti vya aina gani, pazia, redio, vyombo. Kila kitu na alama zake. Alama zikizidi kiwango, jina linatoka.

Na kwa kuwa sisi ni watu wa kanisa na tuna heshima, hatukutaka kuvamia nyumba za watu. Tukatangaza ibadani. Mchungaji mwenyewe alisoma majina ya nyumba zitakazotembelewa na siku zake, akaomba tupokewe kwa upendo. Neno ukaguzi halikutajwa, lingekera masikio. Mama Pasi alichosikia ni kwamba kanisa linakuja kumtembelea.

Siku moja kabla, saa za jioni, akaja kwangu anafuta mikono kwenye kanga.

"Mwenzangu, kesho nina wageni. Niazime vile vikombe vyako vya maua."

"Wageni wenyewe si ni mimi na yule dada?"

"Wewe nitakupa cha bati, umeshazoea. Yeye je?"

Tulicheka mpaka akashika mlango. Nikampa vikombe sita na visahani vyake, nikaongeza na bakuli la sukari na trei. Nilikuwa nimeiona ile fomu mezani kwa katibu. Kurasa nne. Sikuisoma, mimi na karatasi ndefu hatujawahi kupatana. Nilijua kuna vitu vinahesabiwa, lakini akili yangu haikuunganisha karatasi ile na trei niliyokuwa nampa kwa mkono wangu.

Kesho yake tulipoingia nilidhani nimekosea nyumba. Viti vinne vya mito, vya fundi cherehani wa jirani. Pazia lenye maua, la mke wa huyo huyo fundi. Redio yao pia, juu ya kitambaa. Mwashi alikuwa amenyolewa ndevu, amevalishwa shati jeupe lenye kola iliyosimama, shuka imevutwa kitandani haina hata kunyanzi moja. Chumba kinanukia sabuni. Mama Pasi akatukalisha, akatumiminia chai, akamwekea Dada Fomu sukari kwa kijiko kama anamlisha bibi harusi.

Kalamu ikaanza kutembea. Viti, tiki. Pazia, tiki. Dada Fomu akamgeukia Mwashi, akamuuliza changamoto yao kubwa ni ipi. Mwashi akasema ni mkewe, anamnyima chumvi. Dada akatabasamu, akaandika. Akamuuliza Mama Pasi kama kuna siku wanalala njaa. Swali gani hilo, mbele ya mgeni aliyeshika kikombe? Mama Pasi akajibu kwamba Mungu hajawaacha. Tiki.

Kikombe kilikuwa mkononi mwangu, na kidole changu kilikuwa juu ya ule ufa mdogo wa mpini ninaoujua kuliko sura ya dada yangu. Hapo ndipo ningesema. Ningesema, dada, hivi ni vyangu, na viti ni vya hapo jirani. Lakini kusema vile mbele yake kungekuwa kumvua nguo nyumbani kwake mwenyewe. Nikajiambia nitasema tukirudi ofisini. Wakati tunaaga, Dada Fomu akaniwekea ukurasa wa mwisho pale pale mezani, pembeni ya bakuli langu la sukari, nisaini kama shahidi. Nikasaini.

Ofisini nilisema. Akaniangalia kama anayeangalia mtoto aliyevunja kitu.

"Mama, mbona umesaini kwamba ulichokiona ndicho kilichopo?"

"Kilikuwepo. Kilikuwepo kwa kuazimwa."

"Fomu haina sehemu ya kuazima."

Nilikwenda kwa mchungaji. Mchungaji ni mtu mpole, tatizo lake ni hilo hilo. Alisikitika, akashika kichwa, akasema hawezi kuruka utaratibu ambao kamati imeupitisha. Baada ya wiki mbili barua ikatoka: kaya hii inajitosheleza, tunamshukuru Mungu kwa hatua waliyofikia. Walimshukuru Mungu kwa viti vya fundi cherehani. Kamati ikafungua mlango mmoja tu. Anaweza kuomba upya akiandika kwamba aliwaonyesha wageni vitu visivyo vyake na anaomba radhi kwa udanganyifu.

Niliipeleka habari hiyo mwenyewe. Alikuwa na joho la kwaya mezani, ananyunyiza maji kwa vidole.

"Niandike nimedanganya," akasema.

"Ni maneno tu, mwenzangu. Andika, yaishe."

"Nimemdanganya nani? Watu wamekuja kwangu, nimewakalisha. Ningewakalisha kwenye ndoo?" Akabonyeza pasi, joho likatoa mvuke. "Na wewe. Ulijua kuna alama?"

"Nilijua kuna karatasi."

"Na vikombe ukanipa. Na trei juu."

Akaligeuza joho, akaendelea kupiga pasi. Jioni ile vikombe vilirudi kwangu, vimeoshwa na kufungwa kimoja kimoja kwa gazeti.

Akachana mashuka ya zamani, akafanya nepi. Alifua mara tatu kwa siku, na kamba iliyokuwa ya nguo za wateja ikajaa matambara. Kazi za watu zikachelewa. Wateja wa miaka wakaanza kumpitia mbali, mmoja akasema eti mashati yanarudi na harufu. Mimi nilitoa pakiti mbili za nepi stoo, nikaandika zimeharibiwa na panya, nikampelekea chini ya kanga. Alizirudisha siku ile ile. Akasema yeye hali vya panya. Mwashi alicheka kule ndani, akasema panya wa kanisa sasa wanavaa nepi. Ndiyo mara ya mwisho nilimsikia akitania.

Wiki ya saba kidonda kikafunguka, mahali pale pale. Muuguzi wa zahanati alikiangalia, akasema bila kuficha kwamba mgonjwa akiendelea kulalia unyevu kitafika kwenye mfupa, na kikifika huko wasitegemee kumrudisha nyumbani.

Mama Pasi akaandika barua. Aliiandika mwenyewe, hati yake nzuri, mistari imenyooka. Akaandika neno lile walilolitaka, udanganyifu, akasaini. Aliipeleka Jumamosi pamoja na majoho, akaviweka vyote mezani kwa katibu, akasema majoho yale ni ya mwisho, watafute mtu mwingine.

Ziara ya pili ilitangazwa kama ya kwanza, kwa heshima zote. Jioni ya kuamkia siku hiyo nilikaa mlangoni kwangu. Sijui nilikuwa namngojea aje aazime nini. Hakuja.

Tulikuta mlango wazi. Ndani hapakuwa na kiti, hata kile kigoda chake cha kila siku alikuwa amekitoa. Kitanda, ndoo, na kamba ya matambara. Hakusema karibu, hakusema tukae wapi, tukasimama. Mwashi alikuwa na ndevu za wiki mbili na shati lisilo na vifungo viwili, amegeukia ukutani. Dada Fomu alimsalimia, akaitika tu. Akamuuliza changamoto, Mwashi akavuta shuka mpaka begani.

Mimi niliangalia shuka. Ilikuwa safi, ilinukia sabuni, maana yule mwanamke asingeweza kumlaza mumewe kwenye uchafu hata kwa ajili ya kamati. Lakini ilikuwa imekunjwakunjwa. Si makunyanzi ya kulaliwa, hayo nayajua, yanakwenda na mwili. Haya yalikuwa ya ngumi. Alikuwa ameishika shuka ile ikiwa mbichi, akaifinyanga kwa mikono yake, akaiacha ikauke hivyo. Miaka ishirini na mbili ya kunyoosha, kisha anakaa chumbani kwake anakunja shuka ili watu wa kanisa wamwamini.

Hakutuficha kitu. Alimfunua mumewe mgongo, akatuonyesha kidonda, akamfunika. Siku zile zote tulizofahamiana hakuwahi kunionyesha hata mimi. Mwashi hakugeuka. Nilimwona amekamata pembe ya mto kwa meno.

Dada Fomu alifunga kalamu yake, macho yamemlowa. Alikuwa na huruma kweli, ndiyo maana ilinikera zaidi.

"Asante kwa uwazi wako, mama. Sasa tumeona hali halisi."

"Mmeona," Mama Pasi akasema.

Niliwekewa ukurasa wa mwisho, nikausaini juu ya paja langu, maana meza haikuwepo. Walipita kwa alama nzuri. Kwenye ripoti ya wafadhili nyumba yao imetajwa peke yake, kama mfano wa jinsi ziara zinavyosaidia kupata ukweli.

Nepi zimerudi, na dawa. Kidonda kimeanza kukauka pembeni, muuguzi anasema kikitunzwa kitafunga, ingawa safari hii kitachukua zaidi ya mwaka. Majoho ya kwaya yanapigwa pasi na anayepata nafasi, na Jumapili wanakwaya wanasimama mbele wakiwa kama wametolewa chini ya godoro. Mama Pasi bado anapiga pasi kibarazani kwa wateja waliobaki. Mistari ni ile ile. Hamuulizi tena mtu kuhusu mke wala mpangaji.

Alhamisi namtolea mzigo wake, lakini haji kuupangia foleni, kwa hiyo nampelekea. Milango mitatu tu. Zamani nilikuwa nasukuma na kuingia, nikikuta birika liko motoni najimiminia. Sasa nabisha hodi. Anafungua nusu, anapokea boksi kwa mikono miwili, kwa adabu, anasema, "Asante, mama wa stoo."

Wiki iliyopita mumewe alisikia mlango, akauliza kutoka ndani ni nani huyo.

"Watu wa msaada," akamjibu, akarudishia mlango.