Farasi Namba Tisa na Deni la Mtani

Somo la farasi lilinigharimu dola mia nne na arobaini. Nimehesabu mara mbili, na mara ya pili nilihesabu nikiwa na hasira, kwa hiyo hiyo ndiyo sahihi zaidi. Mia tatu nilizirudisha. Nitaeleza nilivyozirudisha, na msinitafutie aibu usoni, haipo.

Mwalimu wangu alikuwa Mzaramo. Mimi ni Mnyamwezi. Kwa asiyejua, makabila haya ni watani tangu enzi za babu zetu wakibeba mizigo ya watu hadi pwani, na babu zao wakiwatoza ushuru wa kupita. Mtani anakutukana mbele za watu nawe unacheka. Anachukua kofia yako nawe unanyamaza. Kwake kukiwa na msiba, wewe ndiye unayefanya vituko wenzako wakilia, unamwigiza marehemu, unazuia njia mpaka ulipwe, na hakuna wa kukufukuza. Hilo la msiba liwekeni akilini.

Tulikutana huku ughaibuni, mtaa wa Rexdale, miaka ya elfu mbili na kitu, kwenye ghala moja karibu na uwanja wa ndege. Mimi nilikuwa napanga maboksi, yeye anaendesha foklifti. Siku aliponisikia nikitaja Tabora alisimamisha mashine katikati ya njia.

"Mnyamwezi," akasema, "umevuka bahari nzima kuja kubeba mizigo?"

Nikajua nimepata ndugu.

Jumamosi iliyofuata akanipeleka kwenye mbio za farasi, basi moja tu kutoka kwangu. Nakiri alikuwa mwalimu mzuri. Alinionyesha kijitabu cha siku, kila farasi na namba yake, amekimbia wapi na amemaliza wa ngapi. Akanieleza unaweza kumbashiri farasi awe wa kwanza, au awe kwenye wawili wa mbele, au watatu, na kadiri unavyojihami ndivyo malipo yanavyopungua. Farasi wa sita kwa moja, ukiweka dola ishirini akashinda, unapata mia na ishirini na zako zinarudi juu yake. Namba hizo hazitulii. Kila watu wakizidi kumwekea farasi mmoja, malipo yake yanashuka, kwa sababu fedha zote zinaingia chungu kimoja na washindi ndio wanaogawana. Mwisho akanipeleka kwenye uzio ambako farasi wanazungushwa kabla ya mbio. Hapo sikuhitaji mwalimu. Niliwakagua kama ninavyokagua mbuzi mnadani: miguu, pumzi, macho.

Kosa nililifanya dirishani. Farasi niliyempenda alikuwa wa sita kwa moja. Nikamwambia yule mama wa dirishani, kwa Kiingereza changu cha wakati ule, anifanyie nane, nami nitamletea wateja wengine kutoka ghalani. Akadhani sijasikia vizuri, akarudia sita. Nikashuka hadi saba na nusu. Foleni nyuma yangu ikaanza kunung'unika. Mtani akanivuta shati na kunitoa pale kama mtoto aliyeshika keki ya watu.

"Wewe niachie dirisha," akaniambia. "Taja namba, toa hela, kaa."

Nilipoulizia tiketi, akasema atakaa nazo yeye, na tangu lini mtani akamdai mtani risiti. Nikaona haya. Mimi, ninayehesabu chenji ya nauli, niliona haya.

Basi kila Jumamosi nilitaja namba moja, nikatoa ishirini, nikakaa. Yeye alikuwa anarudi na kahawa mbili, moja yangu. Nikasema moyoni, Mzaramo huyu mkarimu. Jumamosi saba farasi wangu walishindwa, na Jumamosi saba nilikunywa kahawa ambayo, nilikuja kujua baadaye, niliilipia mwenyewe.

Jumamosi ya nane nilichagua namba tisa, kumi na nne kwa moja. Hakuna aliyemtaka. Alikuwa anatembea taratibu, hana jasho, anaangalia watu kama vile sisi ndio tutakaokimbia. Milango ya kuanzia mbio ikafunguliwa, akabaki nyuma mpaka kona ya mwisho, kisha akawapita mmoja mmoja na kumaliza wa kwanza, na pengo nyuma yake. Nikageuka kumkumbatia mtani. Alikuwa na uso wa mtu aliyepigiwa simu ya msiba.

Akasema foleni ilikuwa ndefu, hakufika dirishani. Nikaangalia kahawa mkononi mwake, bado inatoa moshi.

"Na zile nyingine?" nikamuuliza. "Zile saba?"

Akacheka kidogo. "Mtani, nilikuwa nakuokoa. Ungezipoteza dirishani. Kwangu zimebaki nyumbani."

Nilipodai mia tatu zangu, akaniuliza tangu lini utani ukawa na kesi. Nami nikacheka, kwa kuwa ndiyo desturi. Nilicheka miaka minane. Nilihama ghala, yeye akahamia Malvern, upande wa pili wa jiji, na familia yake, tukawa tunakutana kwenye harusi na kwenye Idi, ananiita mbeba mizigo, nacheka. Mara moja moja nilimuuliza mzee wake huko Kisarawe anaendeleaje. Alikuwa ananijibu vizuri tu, hakujua ninachosubiri.

Mzee alifariki akiwa na umri mkubwa, akazikwa huko huko. Hapa watu walikusanyika Malvern, kwenye ghorofa anakoishi mtani. Nilitoa rambirambi dola ishirini. Hiyo siihesabu, msiba ni msiba. Dua ilipokwisha, kabla ya chakula, nilivaa kofia ya mtani, nikachukua kanga, nikajilaza katikati ya zulia na kujifunika. Nikakohoa kizee.

Watu wazima walianza kucheka kabla sijasema neno. Binti wa mtani aliuliza kwa Kiingereza kama anko ameugua. Shangazi mmoja akamwambia anyamaze, akanisogelea.

"Haya, marehemu, unasemaje?"

"Mwanangu," nikasema kwa sauti ya mzee, "safari ni njema, ila nimezuiwa njiani. Kuna Wanyamwezi wamekaa hapa, wanatoza ushuru. Wanasema una dola mia tatu zao. Za farasi namba tisa."

Chumba kizima kikacheka, isipokuwa mtu mmoja. Shemeji, mke wa mtani, alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na sahani mkononi.

"Farasi gani?" akauliza.

"Farasi wa Jumamosi," marehemu akajibu.

Shemeji akamgeukia mumewe. "Jumamosi ulikuwa ovataimu," akasema. Sauti yake haikuwa ya mtu anayeuliza.

Mtani aliingia chumba cha kulala, akatoka, akaniwekea noti kifuani. Nilizihesabu nikiwa nimelala. Nikazihesabu tena. Kisha marehemu akafufuka, akala pilau.

Mtani alinisindikiza hadi kwenye lifti, kama inavyotakiwa. Akasema, "Asante kwa kuja, bwana." Hakuwahi kuniita bwana. Neno hilo lilinikaa kifuani mabasi mawili na treni hadi Rexdale. Sijuti. Nikikaribia kujuta, nakumbuka kahawa.

Zimebaki mia moja na arobaini. Amenitumia watu waniambie kwamba farasi wale saba walishindwa kweli, kwa hiyo hela ingepotea vilevile. Mimi nasema ingepotea kwa farasi, si kwake. Mama yake yu hai, ana afya, nami namwombea umri mrefu kwa moyo safi, kwa hiyo ile njia ya zulia siitaki tena. Basi nawaomba ushauri, Wazaramo mnaosoma na Wanyamwezi pia: nimdai, au yaishe? Na kama ni kumdai, nikipiga simu nianze kwa kumwita mtani, au nimwite bwana?