Mahindi Mekundu

Mwaka ule unga ulipopotea madukani tulikuwa tunapanga Temeke, mimi, mume wangu na wifi yangu. Wifi alikuwa ameachika huko Lindi akaja kukaa kwa kaka yake pamoja na binti yake mdogo, mtoto mwenye maneno mengi kuliko umri wake. Wifi alikuwa anapika uji wa kuuza. Kila asubuhi aliubeba ndoo nzima hadi kwenye lango la kiwanda cha nguo, na wafanyakazi walimpenda kwa sababu hakuwa mchoyo wa sukari, hata sukari ilipokuwa ya kutafuta.

Duka la ushirika tulilipangia foleni tangu giza, na mara nyingi tuliambiwa hakuna. Siku unga ukipatikana, ulikuwa ule unga wa njano tuliouita yanga. Tulishaacha kuulalamikia. Kwa hiyo wifi aliporudi siku moja na mahindi yenye wekundu, hatukushtuka sana.

"Umeyatoa wapi?" nikamuuliza.

"Kwa baba mmoja kule Tandika. Anasema yametoka bara, huo wekundu ni udongo tu."

Tuliyaosha pamoja, tukamwaga maji, tukayaosha tena mpaka yakakaribia weupe. Akayaanika uani, yakakauka, akayapeleka mashineni.

Asubuhi aliyopika uji wa unga ule, alimpa mwanawe kikombe cha kwanza, kama kawaida, ndipo akajitwisha ndoo akaenda. Mimi nilikuwa nafua. Mtoto akaja kunishika kanga, akasema tumbo linamuuma. Nikamwambia akalale kidogo. Nilipogeuka tena alikuwa amekaa chini, mate yanamtoka, mikono inatetemeka. Nikambeba mgongoni nikakimbia naye hospitali.

Huko nikakuta wanaume wa kiwandani wamelazwa kwenye mabenchi na sakafuni, wanatapika. Wifi alikuwa katikati yao, amemshika mmoja kichwa. Alipomwona aliye mgongoni kwangu, alimwachia yule mwanamume taratibu, akanyoosha mikono apewe mwanawe.

Wale wanaume wote walipona. Mtoto alikata roho kabla ya alasiri.

Tulimrudisha nyumbani kwa mazishi ya kesho yake. Asubuhi majirani wakiwa wamejaa uani, karandinga la polisi likasimama mlangoni. Balozi wetu wa nyumba kumi alishuka pamoja na askari wawili, na bwana afya mmoja mtu mzima aliyevaa kaptura ya kaki.

"Ndugu, unatakiwa kituoni," balozi akamwambia wifi. "Umeuza chakula chenye sumu."

Mume wangu akasema, "Shikamoo mzee. Mwacheni amzike mwanawe kwanza, nitamleta mwenyewe."

Balozi aliitikia marahaba, akatazama chini. Askari walisema wametumwa. Wifi alijifunga kanga vizuri, akaingia ndani kumtazama mtoto, kisha akatoka akapanda gari. Mimi na wanawake wengine ndio tuliomwosha binti yake.

Bwana afya alibaki nyuma. Alikusanya unga uliobaki, akaumwagia mafuta ya taa na kuufukia. Ndiye aliyetueleza kwamba yale yalikuwa mahindi ya mbegu, yametiwa dawa ya kuua wadudu ili yapandwe vijijini. Wekundu ule uliwekwa kusudi, mtu asije akayala. Mtu fulani aliyatoa ghalani, mwingine akayauza kama chakula. Mchana huohuo gari la matangazo likapita mitaani: ndugu wananchi, msile mahindi mekundu. Lilirudia hivyo mpaka sauti ikapotelea upande wa Mtoni.

Kwenye mkutano wa tawi la chama, afisa mmoja alisimama akawalaani walanguzi wanaouza sumu. Watu wakageuka kututazama. Nilikwenda kituoni kila siku na chakula cha wifi, na mkuu wa kituo nikamuuliza, "Mtu anayejua ni sumu angempa kwanza mwanawe?"

"Hayo atayasema mahakamani," akajibu.

Aliyemtoa ni yule bwana afya. Alikwenda akawaeleza polisi kwamba mtoto alikunywa kabla ya mtu yeyote, akawapeleka Tandika kwa muuzaji. Muuzaji alifungwa. Mume wangu alikwenda ofisi ya mkoa kuuliza habari za mtu wa ghalani, akaambiwa suala linashughulikiwa. Baadaye tukasikia mtu huyo amehamishwa, yuko ghala la mkoa mwingine.

Siku wifi aliporudi hakutaka kuoga wala kula. Aliomba nimpeleke kaburini. Tulipokaa pale akaniuliza, "Mkiwa njiani, aliniita?"

"Alikuita."

"Alisema nini?"

"Aliuliza kama tunakuja kwako."

Akatikisa kichwa. Hakulia mbele yangu, siku ile wala baadaye. Alikaa nasi kidogo, ile ndoo akampa jirani, halafu akarudi Lindi kwa mama yake. Aliolewa tena huko, akapata watoto wa kiume. Nilipokwenda kumtembelea, wanawe wote wameshakuwa wakubwa, niliona mahindi anayasaga mwenyewe, kutoka shamba lake, na kila kitu anakionja yeye kwanza. Watoto wanangoja. Anakaa nacho mdomoni, anawatazama, ndipo anawaruhusu kula.